Mpaka Nione Chini ya Bwawa

Nyamitanga, Mbarara

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mimi mtoto wako Masika. Goti linasemaje? Kahindo aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda kilima cha kanisa bila kupumzika, lakini Kahindo ni mjukuu wako na amerithi ulimi wako, kwa hiyo nimeamini nusu tu. Yule mbuzi mweupe amezaa? Mvua imefika huko Kanyabayonga au bado mnaitazama kwa mbali? Sisi hapa tu wazima. Mume wangu Yusufu anakusalimu sana. Yeye ananenepa, na duka lake la vipuri vya pikipiki linanenepa pamoja naye. Mimi nimekonda kidogo. Sababu yake ndiyo hii barua.

Naiweka mkononi mwa Mama Riziki, yule mwanamke wa kwetu anayepitisha vitenge mpakani Ishasha. Atakupa pia mfuko uliofungwa kwa kamba. Mfuko usifunguliwe kwanza. Kahindo, wewe unayemsomea bibi yako, nakujua ulivyo: weka mfuko chini, soma polepole, na pale sauti itakapokukatalia, pumzika, halafu endelea. Usiruke neno.

Mama, siku ile uliponiuliza swali lako kwenye simu nilinyamaza, mkadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Ulisema baba mdogo Paluku anataka kuzika mgomba badala ya mdogo wangu Kakule, kama tunavyomfanyia mtu wetu ambaye mwili wake haukupatikana, ili matanga yakae na yaishe. Wewe ukakataa. Ukasema utakubali tu siku mimi dada yake, niliyemlea kambini Nakivale, nitakapokuambia kwamba mwanao amekufa. Na mpaka siku hiyo mlango wako hautawekwa komeo, ili akirudi usiku asikute pamefungwa.

Baba mdogo ameniambia mengine ambayo wewe hukuniambia. Watu wenye bunduki wameanza kuingia nyumba za jirani zako. Wanavunja milango, lakini wako hauna haja ya kuvunjwa, unasukumwa kwa kidole. Nikiwaza hilo silali. Lakini jibu sikuwa nalo, mama. Ungenilazimisha siku ile, ningekudanganya, sijui kwa upande gani. Sasa ninalo. Nimelipata mahali pa ajabu, kwa hiyo vumilia nikusimulie habari za maji.

Hii nyumba tuliyonunua iko ng'ambo ya mto Rwizi. Aliyeijenga alikuwa mtu mwenye uwezo, akachimba nyuma ya jiko bwawa la kuogelea, kile kitu ambacho wakubwa wa Goma huita pisini. Alipohama alituachia bwawa pamoja na vyura wake. Mimi nilipoliona tu nilimwambia Yusufu pale pale:

"Tuweke udongo, tupande ndizi. Fasi kama hii itazaa mingi."

"Banange!" Yusufu akashika kichwa. "Mukyala, mke yangu, watu ya Mbarara wote wanatamani pool, wewe unataka matoke? Hii ni heshima. Mugeni akikuja, anaona."

Yusufu hajui kuogelea. Mimi pia sijui. Muuza vipuri na muuza vitenge wamenunua maji yenye kina kuliko urefu wao, wakae kando wayatazame. Lakini mwanamume akishapenda kitu, unafanya nini? Bwawa likakaushwa. Nilishuka ndani mwenyewe na ufagio, nikafagia sakafu yote. Upande wa kina kirefu palikuwa na kiraka cha saruji, kirefu kama mtu aliyelala, mahali mafundi waliwahi kuziba ufa. Nikakifagia nacho, nikapanda juu, tukajaza maji ya bomba. Siku za kwanza maji yalikuwa ya buluu mpaka macho yanauma. Yusufu akaweka kiti ukingoni, chai hapa, redio pale, akawa anajiona waziri.

Halafu mvua zikaanza. Majani ya mparachichi yakaangukia ndani, jua likafuata mvua, na sisi hatukuwa tumeweka dawa yoyote, maana nani alituambia maji yanahitaji dawa hata kama hayanywewi? Bwawa likageuka kijani. Kwanza kijani kidogo cha kuchekesha, baadaye kijani cha majani ya sombe yaliyotwangwa. Kiraka kikapotea. Sakafu yote ikapotea.

Hapo ndipo Kakule alipokuja.

Usiogope, mama. Sisemi nilimwona. Nilikuwa naanika nguo mchana, jua kali, hakuna mtu, nikasikia ule mluzi wake, aliokuwa anaupiga akirudi kutoka ziwani ili niweke ugali mezani. Nikageuka. Upande wa kina kirefu maji yalikuwa yanatikisika na hakukuwa na upepo. Nikajiambia ni chura. Nikamaliza kuanika, lakini nguo zikabanwa kombokombo mpaka Yusufu akauliza nani amelewa. Kesho yake nikasikia tena. Nikaanza kupita pale bila sababu. Nakwenda kuchuma pilipili, najikuta nimesimama ukingoni, nainama. Sakafu ile niliifagia kwa mikono yangu, nilijua haina mtu. Lakini maji yakishajifunga, unajua nini?

Nilijua nini hata Nakivale? Hayo sikuwahi kukusimulia yote, kwa sababu kila nikianza unasema, "Nani alimwona?" Sasa sikiliza. Alitoka nyumbani nimemshika mkono, mtoto anayekufikia kiunoni. Pale Kabazana walipotuandikisha wakimbizi, alilala juu ya miguu yangu ili nisiende popote bila yeye. Tukapewa kiwanja, tukalima, akakua. Akapata rafiki Mrundi, Nestori, mwenye mtumbwi, wakawa wanakwenda kutega samaki ziwani. Mchana ule upepo ulikuja kwa ghafla. Mtumbwi ukapinduka karibu na mafunjo. Nestori akaibuka. Kakule hakuibuka. Wavuvi walizunguka na miti mirefu wakichokoa, siku baada ya siku, nami nikiwa nimesimama kwenye tope. Maji ya ziwa lile ni kama chai ya maziwa. Unatia mkono, vidole huvioni. Tulichopata ni kandambili zake tu, alizoziacha ukingoni, zimepangwa moja kando ya nyingine kama mtu aliyeingia msikitini.

Toka siku hiyo samaki wa Nakivale sili. Hapa Mbarara wanapita nao mlangoni, wanono, na Yusufu anawapenda. Anakula kwa rafiki zake. Na mtu aliposema amemwona Kakule Kampala anabeba mizigo sokoni, nilikwenda. Alikuwa kijana wa Masisi, uso mpana, alinihurumia akaninunulia soda. Nikakuambia. Wewe ukasema huenda sikutazama vizuri. Na mimi, mama, nikakubali moyoni kwamba huenda sikutazama vizuri.

Sasa urudi bwawani. Nilimwambia Yusufu: hii maji lazima ionekane chini. Naye akafurahi, akadhani nimeanza kulipenda bwawa lake.

Nikafanya ninavyojua. Kipindupindu kilipotusumbua kambini, mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliosimama bombani kuweka klorini kwenye madumu ya watu. Tulikuwa na sheria moja: ukifungua dumu na harufu ikakupiga, mtoto wako atapona, usipoisikia, ongeza. Sheria hiyo iliokoa watu, sitaisema vibaya. Basi nikanunua ndoo ya klorini ya unga, nikamwaga. Asubuhi nikanusa. Nikaongeza. Nikanusa tena, nikaongeza tena. Kijani kikafa kweli, nikacheka peke yangu. Lakini maji hayakuonyesha chini. Yakawa meupe, mazito, kama yale tunayooshea mchele. Nikasema dawa bado haitoshi. Nikaongeza.

Siku ya Jumapili Yusufu, bila kuniuliza, akaleta wageni: mteja wake, sajenti wa kambi ya jeshi, na mke wake Mama Brenda, na watoto wao. Watoto hawakungoja salamu, wakajitupa ndani. Mimi nikabaki nimesimama ukingoni nahesabu vichwa. Kichwa kikizama sikukiona, kikiibuka nahema. Yusufu ananiita nilete chapati, simsikii. Halafu yule mkubwa wao, Brayani, akazama upande wa kina kirefu, juu ya kiraka, na hakuibuka.

Nilipiga kelele, mama. Sikuita Brayani. Niliita, "Kakule! Kakule!" mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Na mtoto akaibuka upande wa pili anacheka, maji yanamtoka puani. Alikuwa anacheza tu. Wote walikuwa wananitazama mimi. Macho ya watoto yalikuwa mekundu kama ya walevi.

Mama Brenda akaja, akanishika bega. Mwanamke mnene, sauti ya gwaride, lakini mkono mwepesi.

"Wewe mama, hii maji yako iko nakula macho ya watoto. Naweka nini ndani?"

"Klorini tu."

"Ngapi?"

"Mpaka itoe harufu."

"Harufu!" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mama, hii ni pool, si kolera. Na ule ulikuwa naita ni nani?"

"Mudogo wangu."

"Iko wapi?"

Nikageukia maji. Akatazama yale maji meupe, akanitazama, akawaita watoto wake watoke wote, wavae. Hakuniuliza tena.

Wageni walipoondoka nilimwambia Yusufu: "Mutu haingii humu tena. Mpaka nione chini." Nilitegemea aniletee maneno ya heshima na wageni. Akasema, "Kale, sawa. Mpaka uone." Akampigia simu mtu wa Kampala aliyetuuzia mashine ya kuchuja maji, na basi la asubuhi likaleta kisanduku kidogo chenye vichupa viwili vya kioo na dawa za matone. Unachota maji, unadondosha, rangi inakuambia. Tone moja linapima klorini: maji yakawa ya njano iliyokolea mpaka machungwa. Tone la pili linapima kama maji yamekuwa makali, na upande gani, wa ndimu au wa magadi. Yangu yalitoka zambarau. Yule mtu akaniambia kwenye simu:

"Nyabo, dawa unayo mingi sana, lakini imelala. Hiyo unga yenyewe inapeleka maji upande wa magadi, na huko haiwezi kufanya kazi. Ndiyo sababu iko nyeupe. Wewe unaongeza, inazidi kulala. Kwanza sawazisha maji."

Kumbe nilikuwa nazidisha kile kile nilichokuwa natafuta kukiondoa. Nilikaa chini kwenye saruji nikacheka kicheko kibaya.

Dawa ya zambarau ni asidi. Unaipunguza kwenye ndoo ya maji, asidi ndani ya maji wala si maji ndani ya asidi, unamimina kidogo, mashine inazunguka, unangoja, unapima. Unanijua mimi na kungoja. Nilimimina kidogo, nikamimina kidogo tena kabla ya kupima, na kichupa kikatoka zambarau kikapita rangi nzuri kikaangukia njano. Sasa maji yakawa ndimu. Hapo nikakukumbuka wewe. Nikakukumbuka unachoma maganda ya ndizi, unachuja majivu kwa maji, unadondosha yale maji ya majivu kwenye maharage mpaka yalainike. Nikasema, mama yangu angefanya nini? Nikakusanya maganda ya matoke ya mtaa mzima, nikachoma, nikachuja kwa kitambaa, nikamwaga bwawani.

"Mukyala," Yusufu akasema, anafuta moshi machoni, "unapika pool? Basi weka na vitunguu."

Usicheke, mama, au cheka, ni sawa. Kichupa kilisogea kweli, kikarudi karibu na rangi yake! Lakini maji yakawa ya kahawia, na kabla ya wiki kuisha kona moja ikaanza tena kuwa kijani, kwa sababu majivu ni mbolea na yale majani madogo ya majini yanayapenda kama mgomba unavyoyapenda. Na ule mluzi ukarudi. Nilikuwa nasafisha kuta kwa brashi, nikausikia nyuma ya sikio langu, karibu kabisa. Nikasema kwa sauti, "Ngoja, mudogo wangu. Niko nakuja." Nilipojisikia nikisema hivyo niliogopa, nikakimbilia ndani nikafunga mlango mchana kweupe.

Basi nikaacha ubishi. Soda ya kuokea mikate, kidogo, nangoja, napima. Klorini kidogo, jioni jua likiwa limepoa, nangoja, napima. Mashine inachuja, naiosha, inachuja tena. Kila asubuhi brashi. Wateja wangu wa vitenge wakaanza kulalamika kwamba nanuka hospitali. Maji yakaanza kufunguka kutoka upande wa kina kifupi, yanapofika chini ya goti. Nikaona ngazi ya kwanza, ya pili. Nikaona mteremko unapoanza. Kila siku naona kidogo mbele zaidi, na kila siku moyo unazidi kunidunda, na sikujiuliza kwa nini unadunda.

Asubuhi moja Yusufu alikuwa bado kwenye mkeka wa sala, nikatoka na ndoo yangu. Maji yalikuwa yametulia, na jua limeshuka mpaka chini. Niliona sakafu yote, mama. Niliona kiraka cha saruji, na ufa mwembamba pembeni yake, na kibanio kimoja cha nguo. Juu ya kiraka hapakuwa na mtu.

Nilidhani nitashukuru. Nikaanguka magoti nikalia, na haikuwa furaha. Nililia kwa sababu hayuko. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nafanya majuma yote yale na yale matone yangu. Sikuwa nasafisha maji ili nijue hakuna mtu. Nilikuwa nasafisha ili nimwone. Nilitegemea kumkuta, mama. Nilitegemea atakuwa amelala pale, nishuke, nimtoe, nimletee mama yake.

Yusufu akatoka, akachuchumaa kando yangu na kofia yake ya sala.

"Hayupo?" akauliza.

"Hayuko."

"Pole," akasema. Akakaa nami mpaka chai ikapoa, na hakuwasha redio.

Baadaye nilikwenda Nakivale, nimebeba kile kisanduku kwenye mkoba, usiniulize akili yangu ilikuwa wapi. Nikafika ukingoni pale pale. Mafunjo yameongezeka. Nikachota maji ya ziwa kwenye kichupa, nikadondosha tone, nikainua juani. Hakuna rangi iliyoonekana. Kahawia ilimeza kila kitu. Nikadondosha tena, ikameza. Nestori, sasa mtu mzima mwenye watoto, alikuja akasimama nami. Akasema, "Dada, hii ziwa haitafunguka." Nikamwambia najua. Nikamwaga yale maji yarudi yalikotoka, nikaita jina la Kakule mara moja tu, nikamuaga. Mluzi sijausikia tena toka siku hiyo, na nikuambie kweli, masikio yangu bado yanautafuta.

Basi jibu lako ni hili. Kahindo, leo wewe ni kinywa changu, lisome vizuri.

Mama, Kakule amekufa. Amekufa katika ziwa la Nakivale. Hayuko Kampala, hayuko jeshini, hajapotea njia. Hakuna aliyemwona chini, na hakuna atakayemwona, kwa sababu hakuna dawa ya kufungua maji yale. Tukingoja kuona, wewe na mimi tutakufa tumeinama. Mwambie baba mdogo Paluku akate mgomba. Mzike vizuri, kando ya kaburi la baba, kwa sanda na kwa nyimbo. Ninyi wote mnyoe nywele. Mimi nitanyoa huku siku hiyo hiyo. Yusufu ameshakubali kukaa na mke mwenye kichwa kama yai.

Neno moja, nakuomba usilisahau. Baba mdogo atataka kukata mgomba mdogo, kwa sababu nyote mnamkumbuka mtoto mdogo. Mkatalie. Kakule alikua, mama. Alinipita mimi kichwa kizima, alikuwa anainama kuingia mlangoni kwetu na kila mara alijigonga. Tafuteni mgomba mrefu.

Nisalimie baba mdogo Paluku na mke wake, umwambie sina hasira naye tena kwa habari ya mgomba. Nisalimie dada yangu mkubwa, mama yake Kahindo, na shangazi anayeimba kanisani, aimbe. Nisalimie jirani yako mzee anayekuchotea maji.

Ni mimi mwanao niliye mbali kwa miguu tu,

Masika, mke wa Yusufu

Kahindo, usikunje barua kwanza. Sasa fungua mfuko. Ni kandambili zake. Mpe bibi azishike mwenyewe, apime kwa kiganja aone mguu wa mwanawe ulikuwa mkubwa kiasi gani. Zizikwe pamoja na mgomba. Na leo jua likizama, msaidie kuweka komeo.